Waliofungiwa na waliofunguliwa: kisa cha mwamba wa pweza

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinatoka katika shehia moja (eneo dogo la utawala chini ya sheha) ya pwani ya mashariki, Zanzibar. Jina la shehia, miaka na majina ya watu vimeondolewa, na mambo mawili matatu madogo yamegeuzwa ili mtu asitambulike. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu wa kamati: nikipima pweza dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, nikiandika daftari na kukaa kwenye mikutano. Kwa hiyo baadhi ya makosa yatakayoelezwa hapa yalipita mikononi mwangu.

Nimekiandika kwa ajili ya kamati za wavuvi zinazofikiria kufunga mwamba, yaani kuzuia watu wasivue hapo kwa muda, kwa kutegemea walinzi wa kujitolea. Mara nyingi tunasimuliana siku ya ufunguzi tu, siku ya picha na wageni. Miezi inayotangulia siku hiyo, na wiki zinazoifuata, husahaulika.

Mazingira

Mbele ya kijiji kuna ziwa pana la maji mafupi, na baada yake mwamba. Bamvua likiingia, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mpaka mtu akatembea kwa miguu hadi kwenye mwamba wa ndani. Hapo ndipo kina mama wanapochokoa pweza, kila mmoja na mchokoo wake wa kumtolea pweza shimoni na kikapu, kwa siku tano, sita za kila bamvua. Wengi wao pia wana mashamba ya mwani, hivyo bamvua ni siku za kazi mbili kwa wakati mmoja.

Wanaume hupiga mbizi. Huvaa miwani, huchukua mkuki, hutoka kwa ngalawa hadi mwamba wa nje. Kusi likivuma, mwamba wa nje haukaliki, nao hurudi ndani. Zipo basi familia mbili za wavuvi juu ya mwamba mmoja: moja iko hapo mwaka mzima, nyingine huja upepo ukiifukuza kwengine. Tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe, ingawa mwanzoni hakuna aliyeiona kuwa na uzito.

Malalamiko yalikuwa yale yale ya kila diko: pweza wamekuwa wadogo. Mawakala wa matajiri walikuwa wananunua chochote kinacholetwa. Vijana walianza kutumia nondo kuvunja matumbawe ili kumtoa pweza aliyekwama shimoni, na shimo likishavunjwa halikaliwi tena. Kamati ya uvuvi ya shehia ilikuwepo kwa jina. Ilikutana afisa anapokuja.

Kilichoiamsha ni ziara. Wajumbe wanne walipelekwa kwenye shehia nyingine kuona mwamba uliofungwa ukifunguliwa. Wakasimuliwa pia habari za Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, ambako wanakijiji walifunga sehemu ya mwamba kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na vijiji vya jirani vikaiga. Na za kisiwa cha Rodrigues, sehemu ya nchi ya Morisi, ambako uvuvi wa pweza ulianza kusimamishwa kwa msimu mwaka 2012. Walirudi na moto.

Kwa nini pweza

Maelezo haya ni mafupi kwa sababu ndiyo sehemu ambayo watu huielewa haraka. Pweza wetu wa mwambani anaishi kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Anakua kwa kasi: mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja au miwili. Jike hutaga mara moja tu katika uhai wake, hukaa shimoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa.

Changu au chewa ungemfungia mwamba kwa miaka kabla hujaona tofauti. Pweza unamfungia miezi mitatu na tofauti unaiweka kwenye mzani. Ndiyo maana kwa kamati changa, isiyo na fedha na isiyoaminiwa bado na watu wake, pweza ni mwanzo mzuri. Kamati ilielewa hivyo na haikukosea.

Uamuzi wa kwanza: sehemu gani ifungwe

Mkutano wa shehia ulifanyika chini ya mwembe, asubuhi, sheha akiwepo. Kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, kufunga kipande cha mwamba wa nje, ambacho kingelindwa kwa chombo. La pili, kufunga kipande cha ndani kinachoonekana kutoka ufukweni, ambacho mlinzi angekiangalia akiwa amekaa kivulini.

Likapita la pili. Sababu zilikuwa za maana: hakukuwa na mashine ya boti, hakukuwa na mafuta, na walinzi walikuwa wa kujitolea. Unapowaomba watu wafanye kazi bure, usiwaombe na chombo chao. Wakakubaliana miezi mitatu ya kusi, kwa hoja kwamba wakati huo wageni wa baharini ni wachache na ulinzi utakuwa mwepesi.

Mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Kimya. Nikaandika: "Wote wameridhia."

Kina mama walikuwa wamekaa nyuma, wachache, kwa sababu asubuhi ile wengi wao walikuwa kwenye mwani. Kipande kilichochaguliwa kilikuwa ndicho wanachokifikia kwa miguu. Miezi mitatu ni bamvua sita. Laiti mtu angesimama akasema, "Kina mama wasiende pwani kwa bamvua sita," nadhani kimya kile kisingekuwepo. Lakini lugha ya mkutano ilikuwa ya miezi na ya mipaka ya vyelezo, yaani maboya, na kwa lugha hiyo ilionekana kana kwamba sote tunafunga sawa.

Uamuzi wa pili: nani alinde

Walijiandikisha watu 16, wengi vijana wa kiume, na wanawake wawili. Walipangwa wawili wawili, mchana na usiku, siku za bamvua tu. Posho haikuwepo. Mwenyekiti alisema kwamba malipo ni thawabu na pweza wa siku ya ufunguzi, na siku ile kila mtu alicheka na kukubali. Madumu ya mafuta yaliyopakwa rangi yakawa vyelezo. Tochi mbili zilitolewa na mfanyabiashara wa hapo hapo.

Mambo yalivyokwenda

Bamvua la kwanza lilipita kimya. La pili pia, ila walinzi walianza kuachiana zamu: huyu anaumwa, yule kaenda mjini. Wale wanawake wawili hawakukosa hata siku moja.

Katika bamvua la tatu, usiku, ikaonekana tochi ndani ya vyelezo. Walinzi wa zamu walikuwa vijana wawili wa mtaa mmoja. Asubuhi daftari langu lilikuwa tupu. Habari niliipata siku nne baadaye, dukani: aliyeingia alikuwa mjomba wa mmoja wa walinzi. Kijana alimtambua kwa sauti, akamwambia atoke, mzee akamwuliza, "Wewe nimekulea ili unifukuze bahari?" Basi. Kijana akazima tochi akaenda kulala. Siwezi kumlaumu. Tulimweka mahali ambapo ama amvunjie heshima mjomba wake ama aivunje ahadi yake, bila njia ya tatu.

Bamvua la nne wakaja wavuvi wa dago, wale wanaohamahama na kupiga kambi. Walikuwa wamepiga kambi upande wa pili wa ghuba na hawakujua, au walisema hawakujua, kwamba mwamba umefungwa. Walinzi wanne walikwenda kwa mtumbwi kuwatoa. Maneno yakapanda, pondo likanyanyuliwa, mtumbwi ukapinduka. Hakuna aliyeumia zaidi ya kukwaruzwa na matumbawe, lakini mlinzi mmoja hakuwa mwogeleaji mzuri, na ilikuwa usiku. Afisa uvuvi alipigiwa simu akafika siku ya pili, kambi ikiwa imeshahama.

Kamati ikaamua jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa uamuzi bora wa kipindi chote kile: mlinzi wa kujitolea asimfuate mtu baharini usiku. Aangalie, aandike saa na idadi ya vyombo, apige simu. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar, Namba 7 ya 2010, inatambua ushiriki wa jamii katika kusimamia bahari, lakini kijana mwenye tochi ya kuazima si askari. Baadhi walisema huo ni woga. Mama wa yule aliyepinduliwa hakusema hivyo.

Siku ya ufunguzi

Habari zilikwenda kwa simu. Alfajiri dikoni kulikuwa na watu ambao sikuwahi kuwaona, wengine wa shehia tatu mbali. Wageni rasmi walikuwepo, na wakala mmoja mwenye majokofu ya barafu.

Ilikuwa imesemwa kwamba filimbi itapigwa maji yakishakupwa. Mpaka ilipopigwa, wapiga mbizi walikuwa wameshaingia. Maji yakiwa kiunoni mwenye miwani anaona shimo, lakini mwenye mchokoo lazima asubiri yashuke. Kina mama walipoanza kutembea, mashimo makubwa yalikuwa yameshasafishwa. Ndani ya saa mbili kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Pweza walikuwa wakubwa kweli. Nilipima wengi waliozidi kilo mbili, na mzee mmoja alisema hajaona pweza wa namna ile ndani ya ziwa tangu ujana wake. Lakini waliofika mzanini mwanzo walikuwa wapiga mbizi. Kina mama walipofika, barafu ilikuwa imekwisha na wakala ameshashusha bei. Na wale walinzi 16, au 11 waliobaki, walikuwa wamepewa kazi ya kusimamia umati. Hawakuvua. Ile ahadi ya pweza wa ufunguzi, malipo yao pekee, iliishia hapo hapo.

Picha zilipigwa. Ripoti niliyoiandika ilisema ufunguzi umefanikiwa, na kwa mzani ilikuwa kweli.

Mkutano wa pili

Kamati ilipoitisha mkutano wa kufunga tena, walinzi saba tu ndio walioandika majina. Kisha mama mmoja wa makamo, mchokoaji wa siku nyingi, akasimama. Alisema sentensi moja ambayo hadi leo wajumbe huirudia: "Sisi ndio tuliofungiwa, wengine ndio waliofunguliwa."

Sheha alitaka mkutano uendelee. Mwenyekiti, na hili ni la kumsifu, akauahirisha.

Wiki iliyofuata kukawa na kikao cha kina mama peke yao, alasiri, maji yakiwa yamejaa na hakuna wa kuwa kwenye mwani. Hapo ndipo tulipojifunza mambo ambayo daftari langu halikuwa nayo. Kwamba katika zile bamvua sita wengi walihamia kipande kidogo kilichobaki wazi, wakabanana, wakachukua hata pweza wa kiganja. Kwamba wengine walikopa dukani. Kwamba walimjua mjomba wa usiku ule, na wengine wanne, na walinyamaza kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Mabadiliko waliyoyafanya

Kufunga kwa pili kulipangwa upya, na si kila jambo lilipita bila ugomvi.

Kipande kiligawanywa. Ukanda wa karibu na ufukwe ulibaki wazi kwa wachokoaji wa miguu mwaka mzima, na vyelezo vikasogezwa mbele. Ulinzi ukawa mgumu zaidi, maana sasa ilihitajika ngalawa. Wenye ngalawa wawili walikubali kuitoa kwa zamu, kwa tanga, bila mafuta.

Walinzi walipangwa watu wa mitaa tofauti, ili anapotokea ndugu wa mmoja, mwenzake ndiye azungumze. Jambo dogo, halikugharimu kitu.

Siku ya ufunguzi ikawa siku tatu. Ya kwanza ni ya wachokoaji peke yao, mchokoo tu, hakuna miwani, hakuna nondo. Ya pili na ya tatu ni ya wote. Wageni wa shehia nyingine huingia siku ya tatu na kwa ada. Wapiga mbizi walipinga vikali, na wawili walijitoa kwenye kamati. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: walisema wao nao hawana pa kwenda wakati wa kusi. Kilichowalainisha, kwa kadiri walivyolainika, ni kuambiwa kwamba mashimo ya kina kirefu mwenye mchokoo hayafiki, hivyo siku ya kwanza haitayamaliza.

Wanunuzi wawili waliitwa kabla, wakakubaliana bei ya kuanzia na kiasi cha barafu kwa kila siku. Kila kilo inayouzwa ilikatwa kidogo kwa ajili ya mfuko wa doria, na mfuko huo ukagawiwa kwa walinzi kwa hesabu ya zamu walizolala pwani. Hesabu ilibandikwa kwenye ukuta wa maskani.

Kisha ikaja Idi. Bamvua la sita lingeangukia katikati ya Mfungo Tatu, baada ya Idi ya kuchinja. Watu wakataka kufungua kwenye mwezi mwandamo, ili fedha ipatikane kabla ya sikukuu. Mimi nilipinga, nikiwa na hesabu zangu za ukuaji. Kamati ikafungua mapema, bamvua tano badala ya sita, kwa sababu ilijua kuwa ikikataa, watu wataingia usiku. Pweza walikuwa wadogo kidogo kuliko wa mara ya kwanza. Lakini usiku wa kuamkia ufunguzi hakuna aliyeingia.

Matokeo

Bei ilisimama siku mbili, ya tatu ikaanguka. Kina mama waliuza siku ya kwanza kwa bei ya asubuhi. Walinzi walipata kitu, si kikubwa. Uvamizi mdogo mdogo uliongezeka, kwa kuwa sehemu iliyofungwa ilikuwa mbali zaidi na macho. Mfuko wa doria nao ulipata misukosuko: mwekahazina alitoa fedha kuchangia mazishi bila kuuliza, akazirudisha baada ya wiki tatu, na ukuta wa maskani ukasema yote mawili. Nilitegemea zogo. Watu walisoma, wakaguna, wakaondoka.

Uchambuzi

Kwanza nianze na kosa langu. Mara ya kwanza nilipima asubuhi moja tu. Asubuhi ya ufunguzi daima itapendeza: ni pweza wa bamvua sita waliokusanywa kwa saa mbili. Ukitaka kujua kama mwamba umenufaika, linganisha miezi yote mitatu ya kufungwa pamoja na wiki zinazofuata, dhidi ya miezi ya kawaida, na pima pia sehemu iliyobaki wazi. Mara ya pili nilipima hivyo. Kwenye kipande kilichobaki wazi pweza wengi waliotolewa hawakufika nusu kilo, ambacho Tanzania Bara ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Maana yake tulikuwa tukilinda huku na kumaliza kule. Kufunga kunahamisha watu, na watu wana mikono.

Halafu ufunguzi. Kama kila pweza mkubwa anatolewa siku moja, majike waliokuwa karibu kutaga wanatoka pia. Faida ya kilo inabaki, faida ya mayai inakuwa ndogo. Ufunguzi wa siku tatu haukutibu hili. Kulikuwa na pendekezo la kuacha kipande kidogo kisichofunguliwa kabisa. Limejadiliwa mara mbili, halijapita, na naelewa kwa nini: ni rahisi kumwomba mtu asubiri kuliko kumwomba asahau.

Kuhusu kujitolea. Sipendi neno hili linavyotumika katika ripoti, kana kwamba ni sifa ya tabia. Anayeweza kulala pwani siku sita za bamvua bila malipo ni yule ambaye chakula cha kesho kipo, au yule ambaye hana mtu anayemtegemea. Wale wanawake wawili walioshika zamu zote nilipowauliza walisema wazi: walikuwa wakilinda kwa sababu ni mwamba wao, na walitaka waone nani anaingia. Maslahi yao ndiyo yaliyowalaza pwani. Vijana walioahidiwa thawabu na pweza waliondoka pale ahadi ilipovunjwa. Mgawo wa mfuko wa doria haukuwageuza kuwa waajiriwa. Ulikuwa deni linalolipwa.

Kuhusu ridhaa. Kimya cha mkutano kiliandikwa kuwa makubaliano kwa sababu saa ya mkutano ilipangwa na watu wasiokuwa na mwani. Kosa hili lingeepukika kwa kutazama jedwali la maji tu.

Na uchaguzi wa sehemu inayoonekana? Sidhani ulikuwa wa kijinga. Kwa rasilimali walizokuwa nazo ulikuwa uamuzi wa busara ya ulinzi. Ulikosea kwa sababu gharama ya ulinzi, ambayo ingelipwa kwa mafuta na ngalawa, ilihamishiwa kwa kina mama bila kuitwa gharama. Mara ya pili ilirudishwa ilikostahili, na papo hapo ulinzi ukadhoofu. Hilo ni badilishano halisi ambalo bado halijapata jibu.

Ambalo halijatatuliwa

Wavuvi wa dago hawamo katika mikutano yetu, na vyelezo vya madumu havisomeki usiku. Mazungumzo na shehia wanakotoka yameanza, polepole. Wanadai kitu kinachoeleweka: kama wakiheshimu mwamba huu, wao wafunguliwe kwengine.

Katika kufunga kwa mwisho nilikoandika mimi, walinzi walikuwa tisa, watano wao wanawake. Yule kijana aliyezima tochi alirudi kwenye orodha. Aliomba apangwe upande wa pili wa mwamba, mbali na njia ya mjomba wake, na kamati ikampa.